Mguu wa Saa Sita

Kengele ya kituo chetu ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya barazani. Mlinzi alikipiga kwa nyundo saa sita kamili, na mlio ulikuwa haujakwisha niliposikia sauti ya rafiki yangu mlangoni mwa karakana: "Saa sita! Toa muguu!"

Nami nilikaa kwenye benchi, nikafungua mikanda, nikauvua. Yeye alikaa kando yangu, akauvaa ungali na joto langu. Wakubwa waliuita aparei, sisi tuliuita mguu. Ulikuwa na fito mbili za chuma, ngozi ya kuzunguka paja, ngozi nyingine chini ya goti, na kiatu cheusi kilichopigiliwa moja kwa moja kwenye vyuma. Mguu ulikuwa mmoja na sisi tulikuwa wawili. Mimi nilisoma asubuhi, yeye mchana. Miaka miwili ya vita tuliishi hivyo, na nikikumbuka sasa, Mungu anisamehe, moyo wangu huona raha kwanza, halafu ndipo huona aibu.

Mimi nilizaliwa katika mji mdogo uitwao Kama, ambako baba alichimba dhahabu. Nilipokuwa sijamaliza miaka mitatu nilishikwa na homa, na homa ilipoondoka iliondoka na nguvu ya mguu wangu wa kushoto. Vita vilipokaribia machimbo, mama alinifunga mgongoni akatembea nami mpaka mji wa Kindu, mashariki ya Kongo. Baba alisema atatufuata. Hakutufuata, na hiyo ni hadithi ya mama, siyo yangu.

Kindu kulikuwa na kituo cha watoto wenye ulemavu: chumba cha wagonjwa wenye plasta, chumba cha mazoezi, karakana, na madarasa mawili tu, ndiyo maana tulisoma kwa zamu. Kilisimamiwa na mtawa mmoja tuliyemwita masere, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kamanda. Alikuwa na sheria moja ambayo haikuvunjwa: hakuna mtoto anayeingia darasani kwa magoti. Unaingia umesimama, na saa ya kwanza unasoma umesimama, umeegemea meza ndefu aliyoichongesha kwa kazi hiyo. Kusimama kulikuwa dawa, na kulikuwa heshima yetu pia. "Magoti ni ya kuombea Mungu," alisema. Siku hizi wataalamu wengine huniambia sheria ile ilikuwa kali mno. Huenda. Lakini hawakumwona mtoto aliyezoea kutazama nyuso za watu kutoka chini akitazamana nao kwa mara ya kwanza.

Bila chuma goti letu halikuweza kuhimili saa nzima, kwa hiyo asiye na mguu hakuwa na masomo. Na miguu ilikuwa imekwisha. Zamani vyuma vilikuja kwa treni, na treni ilikuwa haiji tena. Fundi wa karakana, mzee aliyefanya kazi zamani kwenye reli, alikata fremu za baiskeli zilizokufa, akanyoosha vyuma vya vitanda, akafunga viungo kwa misumari ya kuponda kwa sababu skrubu hazikupatikana. Alipima watoto kwa kamba. Kila mtoto alikuwa na kamba yake yenye fundo la goti na fundo la nyonga, na kamba zote zilining'inia ukutani kwenye misumari. Nilipolazwa mezani kwake mara ya kwanza alinipima, akaguna, akaenda ukutani akarudi na kamba ya mtoto mwingine. Mafundo yalikuwa palepale. Mguu uleule wa kushoto, ugonjwa uleule, urefu uleule.

Akamwita mwenye kamba. Akaja msichana mwenye uso wa mviringo, kitambaa cheupe kichwani, anatembea huku akisukuma paja lake kwa kiganja kila hatua, namna sisi wa polio tunavyotembea bila chuma. Alilelewa na bibi yake, kwenye nyumba iliyopakana na ukuta wa kituo, katika familia ya Waislamu wa zamani wa mji.

"Mama zangu," fundi alituambia, maana kwake wasichana wote walikuwa mama, "chuma iko moja. Mumoja asubui, mumoja muchana. Lakini musikilize muzuri. Siku kamba itawaachanisha, chuma itabakia kwa ule inamutosha. Na kila posho nitaangalia ngozi. Nikiona damu, mwenye damu anavua, anakaa nyumbani. Chuma haitakula mutoto hapa kwangu."

Posho, kwa lugha yetu ya Kindu, ni Jumamosi. Tuliitikia. Miaka kumi, nani anawaza kurefuka?

Kulala, mguu ulilala karakana. Isipokuwa Ijumaa. Ijumaa rafiki yangu alitoka darasani akaenda moja kwa moja chuo cha Kurani, na pale huingii na viatu mkekani. Kiatu chetu kilikuwa kimepigiliwa, hakivuliki. Walimu wote wawili, wa kituo na wa chuo, walikuna vichwa, mpaka bibi akakata shauri peke yake: kila Ijumaa alikiosha kiatu kwa maji na majivu, juu na chini, kama anayemtawadhisha mtu, kisha akakivika mfuko wa kitambaa cheupe alioushona mwenyewe. Jumamosi asubuhi mimi Mkristo nilivaa kiatu kilicholowa chapachapa. Nilimlalamikia rafiki yangu kwamba bibi yake atanioza vidole. Alinijibu kwamba nishukuru, muguu mumoja wangu utaingia peponi.

Tulicheka sana sisi. Ninalikumbuka hilo kuliko milio ya bunduki, na bunduki zilikuwapo. Mchana mmoja zililia karibu sana, wakati mguu uko sakafuni kati yetu, mimi nimekwisha kuuvua, yeye hajauvaa. Watu walikimbia. Sisi tulitambaa, sheria ya masere au hapana, mpaka chini ya meza ya fundi. Tulipofika, rafiki yangu aligeuka akarudi kwa tumbo hadi kwenye benchi, akaukokota mguu kwa mkanda kama mbuzi asiyetaka kwenda sokoni. Nilimkaripia. Alisema: "Tukipona, kesho utaingia darasa na nini?"

Mambo mengine ya wakati ule ni harufu tu. Mawese ya moto ambayo mama wa mazoezi alitukandia mapaja, akihesabu kwa Kifaransa, na kila alipofika kumi alianza upya kana kwamba hakuona. Sombe, yaani majani ya muhogo, iliyopikwa bila chumvi. Hili la chumvi lazima nilieleze, maana vijana wa leo hawaamini. Kindu ilikuwa imefungwa, reli imekufa, misituni wapiganaji, na chumvi ilifika kwa ndege. Sokoni iliuzwa kwa kijiko kidogo, tena kilichosawazishwa kwa kidole. Mama alileta kijiko kimoja nyumbani tukakitumia kama dawa. Bibi wa rafiki yangu alikuwa na yake, ameifunga kwenye pindo la kanga, na pindo lile alilala nalo.

Mwaka wa pili nikarefuka.

Nilijua kabla ya mtu yeyote. Goti la chuma lilishuka chini ya goti langu, na ngozi ya juu ikaanza kunikata paja kwa ndani. Mwalimu alikuwa ametuambia kwamba watoto wa darasa la sita wataifanya egzame ya mwisho, watakaopita wataenda sekondari, na mimi nilikuwa wa kwanza darasani. Mama alinibeba mgongoni kila asubuhi kutoka mbali akielekea sokoni na unga wake, mimi mkubwa namna ile, miguu inaning'inia hadi kwenye magoti yake. Nilimwambia nini? Kwamba mguu haunitoshi tena, turudi nyumbani? Fundi aliponipima na kamba nilikunja nyonga kidogo, fundo likaangukia palepale. Mzee alinitazama usoni, akairudisha kamba ukutani.

Kidonda hakikunjiki. Siku moja saa sita rafiki yangu alichukua mguu, akaugeuza, akaona doa jekundu kwenye ngozi.

"Hii nini?"

"Mawese," nilisema. "Ya kukandwa."

Mawese ni mekundu, damu ni nyekundu. Alilitazama doa, akanitazama mimi. "Aa, mawese," alisema, akauvaa.

Kesho yake asubuhi ngozi ilikuwa safi. Ilikuwa safi siku zote baada ya hapo, hata Jumamosi fundi alipoikagua kwa miwani yake yenye mguu mmoja. Ila ilikuwa na weupe fulani kwenye mishono, na ukigusa kidonda ulichoma mpaka machozi. Nilidhani ni jasho lake. Nilimtania: "Weye jasho yako ni chumvi tupu! Tutakukamulia kwenye sombe." Alicheka mpaka akashika ukuta.

Halafu ikafika Ijumaa moja. Reli ililia, nikakaa benchini nikafungua mikanda, na sauti haikusikika. Alikuja polepole, mkono pajani, akasimama mbele yangu.

"Bakia nayo," alisema. "Miye masomo imenichosha."

"Imekuchosha namna gani?"

"Imenichosha tu. Bibi atanifundisha kushona. Muguu iko yako sasa."

Akageuka akaenda zake. Jumatatu fundi alinilaza mezani bila kunipima, na fito mbili ndefu zilikuwa tayari, zimenyooshwa, zimetobolewa. Nilizivaa, goti la chuma likakaa juu ya goti langu. Nilifurahi. Niandike wazi, kwa sababu ndilo jambo lenyewe: nilifurahi sana, na sikuuliza nani alimwambia fundi urefu wangu. Sikuuliza kwa sababu sikutaka jibu. Badala yake nilimkasirikia. Kumkasirikia mtu kulinisaidia kulala. Nilimwita mvivu kimoyomoyo, kisha kwa sauti, na neno likirudiwa vya kutosha hugeuka kuwa ukweli mdomoni mwako.

Nikapita egzame. Vita vikaisha namna vilivyoisha. Nikamaliza sekondari, nikapanda lori kupitia Lubutu mpaka Kisangani, nikasomea kazi ya kunyoosha viungo vya watu, nikarudi. Ninafanya kazi kwenye kituo kilekile. Masere na fundi wamekwisha kuzikwa. Karakana inatumia plastiki, na mguu ninaouvaa leo chini ya kitenge ni mwepesi, hausikiki. Lakini kipande cha reli bado kiko barazani, na wazazi wananiita mama kine, kwa kifupi cha jina la Kifaransa la kazi yangu, wakiogopa mdomo wangu kidogo. Ninao mdomo, sikatai.

Kila Jumanne, kabla ya plasta, ninawahutubia kina mama barazani. Kazi ya plasta kwa mtoto aliyezaliwa na mguu wa kupinda ni ya wiki nyingi, na wengi hukata tamaa njiani. Kwa hiyo niliwapa mfano. Miaka mingi niliwapa mfano mmoja, na niliupamba kila mwaka. Nilisema: "Mimi nilikuwa na rafiki hapahapa. Akili anazo, bibi anamupenda, chuma anayo. Siku moja akasema masomo imemuchosha. Muvivu! Leo mimi mama kine. Yeye iko wapi? Sijui hata kama iko wapi." Kina mama waliitikia mm-mm, na wale wa mbele walitikisa vichwa.

Jumanne moja ya mwaka huu niliusema mfano ule wote, tena siku hiyo nilikuwa na hasira ya mama mmoja aliyekata plasta nyumbani kwa panga, kwa hiyo nilimtia rafiki yangu uvivu maradufu. Kisha tukaingia kazini.

Wa mwisho alikuwa mama mnene wa uso wa mviringo, kitambaa cheupe kichwani, ametoka kijiji cha Tunda na mtoto wake wa mwisho mgongoni. Alikuja kwa pikipiki, siku mbili, akalala Kibombo. Walilima mpunga kule, yeye na mumewe. Mtoto alikuwa wa miezi mitatu, mguu wa kulia umekunjwa kwa ndani kama mkono unaoficha kitu. Mama nilimkuta amekwisha kuketi, nikaanza kuuelekeza ule mguu taratibu, huku yeye anamnyonyesha ili asilie. Sikumtazama sana. Mimi hutazama miguu ya watoto.

Mtoto aliyetangulia alikuwa amechubuka, na kitambaa changu cheupe kilikuwa na damu. Nilinung'unika kwamba sabuni ya siku hizi haitoi kitu.

"Tia chumvi, mama kine," yule mama alisema. "Chumvi na maji ya baridi. Inatoka."

"Kwenye kitambaa, labda."

"Hata kwenye ngozi inatoka."

Mikono yangu ilikuwa imelowa plasta. Nikaiacha juu ya mguu wa mtoto. Nikainua uso.

"Weye," nilisema.

"Ndiyo, njo miye," alisema. "Ule muvivu."

Akacheka, kicheko kilekile cha kushika ukuta. Mimi sikuweza kucheka. Plasta haimngoji mtu, ikabidi nimalize, nazungusha bendeji huku machozi yananidondokea mikononi, na mtoto wa Tunda ananishangaa. Mdomo huponza kichwa, wahenga walisema, na mimi wangu ulikuwa umeniponza mbele ya kina mama thelathini.

Nilipomaliza nilimuuliza ilivyokuwa. Alinieleza huku anamfunga mtoto nepi, bila haraka, kama anayesimulia bei za sokoni.

"Niliona damu. Nikasema, fundi akiona, atakuvulisha. Njo nikawa nafungua pindo ya bibi akilala. Kidogo kidogo. Nasugua, napangusa."

"Bibi hakujua?"

"Alijua. Sombe ilikuwa inazidi kukosa chumvi. Akaniuliza, nikamuambia. Hakunipiga. Alisema, basi kama ni ya muguu, tuache kula." Alivuta kitambaa kichwani. "Lakini chumvi ilikwisha. Ilikuwa Ijumaa. Kesho yake ni posho, fundi ataangalia ngozi. Njo nikaenda kwake, nikamuambia, baba fundi, refusha chuma, rafiki yangu amekuwa murefu, miye nimechoka na masomo."

"Na alikubali?"

"Alilia kidogo. Kisha akaenda kutafuta baiskeli ya kukata."

Nilimuuliza swali ambalo ningepaswa kumuuliza tukiwa na miaka kumi na miwili. Kwa nini yeye? Chuma kilimtosha yeye. Sheria ya fundi ilikuwa upande wake. Angenyamaza tu, Jumamosi mimi ningetolewa, na leo labda yeye angekuwa na mikono yenye plasta.

Alifikiri. Nadhani hakuwa amewahi kujiuliza.

"Mama yako alikuwa anakubebaka kutoka mbali," alisema. "Kila asubui nilikuwa ninamuona kwenye barabara, na unga kichwani na weye mugongoni. Miye nilikuwa ninakaa hapa hapa karibu na ukuta."

Barazani mlinzi, ambaye ni kijana na hajui lolote, alianza kupiga reli. Ilikuwa saa sita. Rafiki yangu alinitazama, macho yamejaa mzaha, akanyoosha mkono wake kama zamani.

"Saa sita! Toa muguu!"

Nikakaa kwenye benchi, nikapandisha kitenge, nikaanza kufungua mikanda. Aliendelea kucheka mpaka alipoona kwamba ninafungua kweli.

"Acha muchezo, dada."

Niliuvua, ungali na joto, nikampelekea. Akaupokea. Kisha akamlaza mtoto juu ya kitanda cha mazoezi, akakaa, akaweka mguu wake wa kushoto ndani ya ule wa plastiki. Nyama ya paja ilikuwa imekwisha kabisa, na kwenye kiganja chake cha kushoto nikaona sugu nene, ya miaka yote ile ya kusukuma paja mashambani. Mguu wangu ulikuwa mrefu kwake kwa vidole vinne. Yeye hakurefuka sana.

"Haunitoshi," alisema polepole, akiupapasa.

"Kaa hapo hapo," nilimwambia.

Nikashika paja langu kwa kiganja, nikausukuma mguu hatua kwa hatua, nikatoka kwenda karakana kuomba kamba.